Nani Alitangulia

Nyakato, Musoma
Jumatano, 3 Aprili 2024

Shemeji Felisian,

Ile salamu ya kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwako, leo naiacha. Mimi si mzima na wewe unajua.

Naandika barua kwa sababu simu sishiki tena. Ile yangu niliitupa ziwani pale Mwigobero siku mwili wa Balta ulipoletwa, na jirani akinipa yake niongee, namrudishia kabla haijaita. Yunis anakujaga sokoni kununua dagaa kila Jumatano na Jumamosi, na huko Bunda mnakaa mtaa mmoja. Barua atazibeba yeye. Zikinuka, vumilia.

Nimeletewa habari kutoka Butiama. Baba mkubwa Masatu amepanga siku ya kuondoa matanga, ni tarehe nne mwezi wa tano. Amesema siku hiyo ukoo lazima ujue, kati ya Mzee Stanislausi na mwanawe Baltazari, nani alitangulia kufa na nani alimvuta mwenzake. Maana walikwenda siku moja, baba kitandani kwake Butiama, mwana majini, na mliwazika Jumapili moja mimi nikiwa nimekalishwa nyuma ya jiko kama mwizi wa kuku. Amesema pia kwamba mke aliyemtangazia mumewe kifo cha mzee aliye hai hawezi kulea damu ya mzee huyo. Nikikutwa na kosa nirudi kwetu Majita, na Rebeka abaki kwenu.

Rebeka ana miaka minane. Nywele nilizonyoa kwa ajili ya baba yake zimeanza kuota, na asubuhi ananipapasa kichwa anasema, mama umekuwa brashi ya viatu. Nacheka. Shemeji, nisikufiche, bila mtoto huyu mimi sina kazi duniani.

Sasa, wewe ndiye uliyenipigia simu siku ile. Nilikuwa naanika nguo. Ulisema, "Shemeji, mzee anaumwa sana, presha imempanda, mwambie Balta aje." Hukusema amekufa. Na mimi nilipompata Balta kule kisiwani alikokwenda kununua dagaa, nilimwambia vile vile, mzee anaumwa sana, uje. Sikuongeza chumvi. Waambie wazee hayo tu, basi.

Ni mimi shemeji yako,
Euphrasia

---

Bunda
Ijumaa, 5 Aprili 2024

Shemeji Euphrasia,

Barua imefika na kweli imenuka, paka wa mwenye nyumba ameng'ang'ana nayo mpaka nimemfungia nje.

Nitasema, usiwe na wasiwasi. Lakini nisikudanganye, haitatosha. Yule mvuvi aliyeokoka mtumbwi wa Balta ulipopinduka alishakwenda Butiama akawaeleza wazee kwamba Balta alipanda mtumbwi akilia, "Baba yangu amekufa, mke wangu amenipigia." Wenzake walimkataza, upepo ulikuwa umeshachafuka. Akasema baba hazikwi mwanawe wa kwanza akiwa ng'ambo. Sasa wazee wana maneno ya marehemu, na maneno ya marehemu kwetu ni mazito kuliko ya mwalimu wa fizikia.

Nadhani najua kilichotokea. Ulimwambia mgonjwa, yeye akajua ni msiba. Si masikio yake. Ndivyo tunavyofanya sisi tangu zamani, mtu akifa hatumwambii ndugu aliye mbali, tunamwambia mgonjwa kazidiwa, njoo, ili asianguke njiani. Bibi alipokufa nilikuwa chuoni Dar. Nikaambiwa bibi anaumwa. Nikafika Butiama nakuta kaburi linachimbwa, na Balta yuko pembeni yangu na begi, naye kaambiwa hivyo hivyo. Tumefunika misiba kwa ugonjwa miaka yote, na siku mzee alipougua kweli hatukuwa na neno la kumwambia mtu akaamini.

Angalia ubaya wake sasa. Balta aliingia majini kwa sababu baba yake amekufa, na baba yake hajafa. Mzee saa tisa alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji, anagombana na mama kwamba hauna sukari. Habari ya Balta ikafika. Jua halijazama, mzee naye hayupo. Kila mmoja ameuawa na kifo cha mwenzake.

Mnajua nasoma shahada ya pili kwa masafa na mnanicheka kwamba nasoma mambo yasiyo na mshahara. Lakini ninachokisoma ndicho hiki hasa, kama ni lazima sababu itangulie matokeo, ukishuka chini kabisa kwenye msingi wa vitu, pale nguvu ya mvutano inapokutana na chembe ndogo kuliko zote. Hata Masatu alisema makaburini, "Huyu si anasoma kipi kinatangulia kipi? Atuambie." Nadhani wokovu wako uko hapo. Nipe muda nikuandikie vizuri.

Shemeji yako,
Felisian

---

Nyakato
Jumatano, 10 Aprili 2024

Shemeji,

Sikuomba wokovu, niliomba shahidi.

Hayo ya kuficha misiba umeyasema sawa. Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu, na kikae kwako. Nilipompata Balta aliniuliza, "Mama Rebeka, niambie kweli, mzee yupo?" Nikasema yupo, anaumwa. Halafu akasema, "Asante kwa kunitunza." Akakata. Nilibaki nimeshika nguo mbichi, sijaelewa ananishukuru nini. Nimeelewa baadaye.

Na kingine. Uliponipigia wewe, kabla sijamtafuta Balta, nilikaa chini nikalia. Na mimi nilijua mzee amekwenda! Nilijua unanitunza, unanifichia msiba nisianguke. Kwa hiyo mdomo wangu ulisema anaumwa, lakini sauti ilikuwa ya msibani. Mume wangu aliijua sauti yangu. Hilo ndilo linalonila, shemeji, usinione nimekauka macho ukadhani nimesahau.

Swali langu. Mzee alisikiaje habari ya Balta? Alikuwa mgonjwa, yuko ndani, mama yuko naye, wewe uko naye. Nani alimwambia?

Rebeka anakusalimia. Ameng'oka jino la mbele.

Euphrasia

---

Bunda
Ijumaa, 19 Aprili 2024

Shemeji Euphrasia,

Nilichelewa, shule ilikuwa na mitihani ya majaribio.

Mzee alisikia. Nyumba ile haina dari, sauti inatembea, na habari mbaya ina mbio. Tusikwame hapo.

Nikueleze kwa kitu unachokijua. Ukitaka kumweleza mgeni ukoo wetu huna haja ya kumtembeza mashambani. Unamwambia nani alimzaa nani, na akiyashika hayo ameushika ukoo. Kuna wataalamu wanasema ulimwengu wote ni hivyo. Ondoa ardhi, ondoa ziwa, ondoa hata masaa. Yabaki matukio peke yake na neno moja, hili lilizaa lile. Mahali na wakati ni vitu vinavyoota juu ya hapo baadaye. Kwa watu hao kutangulia ndio mfupa wa dunia, na hakuna tukio linaloweza kuwa babu yake lenyewe.

Halafu wapo wengine. Wao wanaanza na uzito. Kitu kizito huuchelewesha wakati ulio karibu yake. Saa iliyo bondeni inachelewa kidogo kuliko iliyo mlimani, kidogo mno, lakini imepimwa. Na zile chembe ndogo zina tabia ya kutokuwa na mahali pamoja mpaka zichunguzwe. Sasa chukua kitu kizito ukipe tabia hiyo, kiwe huku na kiwe kule kwa pamoja. Saa ipi itachelewa? Jibu hakuna. Si kwamba limefichwa, halipo. Na kama jibu halipo, basi hata kati ya matukio mawili, lipi limetangulia, jibu halipo. Kwa uzito hakuna aliyeliona bado, ni hesabu za kwenye karatasi, ila kwa mwanga wamejaribu maabara kitu kinachofanana nalo.

Sisemi Balta na mzee ni chembe. Nasema hivi, wazee wanadhani lazima awepo wa kwanza, na wa kwanza awe na wa kumlaumu. Nikiwaonyesha kwamba hata dunia yenyewe chini kabisa haina lazima hiyo, swali lao linakufa. Na swali likifa, wewe na Rebeka mnakwenda nyumbani.

Niamini katika hili.

Felisian

---

Nyakato
Jumatano, 24 Aprili 2024

Shemeji,

Nimeisoma mara mbili. Ya kwanza sikuelewa, ya pili nimeelewa nikaogopa.

Huo ulimwengu wako wa nani alimzaa nani, mimi niko wapi humo? Mkihesabu ukoo wenu mnasema Stanislausi alimzaa Baltazari, Baltazari alimzaa Rebeka. Mimi niliyemsukuma Rebeka siku nzima simo. Mke anaonekana siku ya lawama tu. Kwa hiyo usiende kuwakumbusha wazee hesabu hiyo.

Na hao wengine wa hakuna wa kwanza, mimi mama yangu alikuwaga anasema mbuzi wa wawili hufa njaa. Kosa lisilo na mwenyewe wazee hawaliachi linazurura, watalitafutia mwenyewe. Nakuomba, shule yako iache Bunda. Simama, sema "nilimpigia nikamwambia mzee anaumwa, na yeye alisema nilivyosema," kaa chini. Na yale ya sauti yangu niliyokuandikia ni yangu na wewe.

Tena hujanijibu. Nyumba haina dari, sawa. Sauti ilikuwa ya nani?

Euphrasia

---

Bunda
Jumatano, 1 Mei 2024

Shemeji,

Yunis ananisubiri mlangoni, naandika kwa haraka. Jumamosi nitakuwepo mapema. Nimejiandaa, nimeandika pointi zangu kwa Kiswahili chepesi. Mvalishe Rebeka nguo ya shule apendeze.

Usiogope.

Felisian

---

Nyakato
Jumatano, 8 Mei 2024

Felisian,

Nilikuwa pale pale nyuma ya jiko. Nimesikia kila neno.

Ulianza vizuri. Ulisema ulinipigia, ulisema mzee anaumwa, ulisema sikuongeza. Watu wakaguna kwa kukubali, mama yako Matrida akafanya ishara ya msalaba. Ungekaa chini! Mungu wangu, si ungekaa chini! Lakini wewe una shule inakuwasha. Ukaanza saa za mlimani na saa za bondeni, ukafika kwenye hakuna aliyetangulia, kifo hiki kilizaa kile na kile kikazaa hiki. Niliomba wakucheke. Watu wakicheka mambo yanaisha.

Hawakucheka. Walikuelewa, na hapo ndipo nilipokwisha. Masatu akasema polepole, "Asante mwanangu, umesoma. Basi hiki ni kitanzi. Kitanzi hakina mwanzo, lakini kina fundo. Aliyepeleka neno toka kwa baba hadi kwa mwana ni nani?" Wakalitaja jina langu. Akasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huyu alisema, likaja."

Na wewe ukaona umeharibu, ukataka kunitetea. Ukasema, "Hata yeye mwenyewe aliamini mzee amekufa, alikuwa analia akimpigia." Neno langu, Felisian! Nililokuandikia likae kwako. Masatu hakuongeza kitu. Alisema tu, "Mmesikia. Alimlilia mdogo wangu akiwa hai." Wakanyanyuka kwenda kunawa.

Rebeka alikuwa anakula wali na watoto wenzake. Wakamwambia utalala kwa bibi. Alifurahi. Alinipungia mkono, meno yako nje na pengo lake. Nimerudi Nyakato peke yangu, nimefungua mlango, kandambili zake nyekundu ziko pale alipozivulia. Sijazigusa.

Ulikuwa na neno moja la kusema na ulilisema. Sijui kwa nini halikukutosha.

Euphrasia

---

Bunda
Ijumaa, 10 Mei 2024

Shemeji Euphrasia,

Sina la kujitetea na bado nataka kujitetea, ndivyo nilivyo.

Nilifikiri nikiondoa wa kwanza nimeondoa lawama. Kwenye karatasi ndivyo inavyokuwa. Nilisahau kwamba kwenye karatasi zangu hakuna mtu anayepeleka habari, kuna alama tu ya mshale. Masatu alitazama mshale akamwona mtu. Nimefundisha miaka kumi na sijawahi kujibiwa swali vizuri hivyo na mwanafunzi, na natamani ningefia pale pale.

Nitarudi Butiama nizungumze naye. Rebeka nimemwona Jumapili. Yuko mzima, mama anamlaza kitanda kimoja naye. Anauliza utakuja lini, nimemwambia karibuni.

Nisamehe.

Felisian

---

Nyakato
Jumatano, 15 Mei 2024

Felisian,

Jana mama Matrida alikuja Musoma kupimwa macho, akapita kwangu. Amekaa kwenye kigoda changu akalia mpaka nikamfunga kanga kichwani. Ameniambia sauti ilikuwa ya nani.

Kumbe ni wewe. Simu ya kwamba mtumbwi umepinduka ilikuja kwako. Ukaingia chumbani mbio, simu bado iko sikioni, mzee ana kikombe cha uji mkononi, ukamwambia, "Baba, Balta amezama." Mama anasema mzee alikitazama kikombe, akakiweka chini taratibu, hakusema tena.

Basi mafundo ni mawili. Moja lilipeleka neno toka kwa baba kwenda kwa mwana, hilo ni mimi. Lingine lilirudisha neno toka kwa mwana kuja kwa baba. Masatu aliuliza la kwanza tu, na wewe uliyekuwa umesimama katikati ya wazee na karatasi zako ulilijua la pili ukanyamaza. Mtoto wangu amekwenda, wewe kimya.

Lakini hilo silo linalonishangaza. Binadamu anaogopa. Ninachokuuliza ni hiki. Miaka yote mnafichana. Bibi amekufa, mnaambiana anaumwa. Siku hiyo moja, mbele ya mgonjwa wa presha, siku desturi yenu ingemwokoa mtu, kwa nini hukusema Balta anaumwa? Ungesema Balta amepata ajali kidogo, yuko hospitali, tutakwenda kesho. Mzee angemaliza uji wake. Mimi nilisema kweli nikaambiwa nimeua. Wewe ulisema kweli ukaua.

Usije kwangu. Ukija utakuta mlango umefungwa na mimi niko ndani.

Euphrasia

---

Kiabakari
Jumanne, 4 Juni 2024

Shemeji Euphrasia,

Nakuomba uketi kwanza, halafu usome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote.

Rebeka anaumwa. Ni malaria. Ilimwanza Ijumaa, Jumapili tukamleta hapa kituo cha afya Kiabakari, wamemlaza, wamemtundikia dripu, damu yake ilikuwa imepungua kidogo nimemtolea mimi. Leo homa imeshuka. Amekula nusu ya chapati na chai. Amenikemea kwamba nakoroma.

Najua unavyosoma maneno haya. Nami ningesoma hivyo hivyo. Ndiyo maana sikuja mwenyewe, ukiniona mlangoni ungeanguka kabla sijafungua mdomo. Ningempigia jirani yako, angekuja na uso wa msiba. Nimewaza sana, nikaona hakuna njia ya kukuambia mtoto anaumwa ukaamini kwamba anaumwa, na barua angalau haina uso wala sauti. Kwa hiyo nakuandikia. Yuko hai, shemeji. Namtazama sasa hivi. Anachezea waya wa dripu na nesi anamgombeza. Hai, hai kabisa. Nimempa kalamu akuandikie mwenyewe hapo chini.

Sasa sikiliza jambo la pili, na hili ni la maana sana. Nimemwambia Masatu. Yote, mbele ya mama na wazee wawili. Kikombe cha uji, simu, maneno niliyoyasema. Sikuweka saa wala chembe. Akasema, "Basi huenda tumemwonea mke wa Balta." Halafu akasema hivi, na mimi nakuandikia kama alivyosema, "Mtoto anaumwa, mama yake aitwe. Akija kama mama wa mgonjwa, amchukue mtoto wake waende, hatutamgusa tena. Lakini kama ni mtu wa kuwalilia watu kabla ya siku yao, nalo tutaliona kwa macho."

Anakuja hapa kila jioni na kukaa kwenye benchi la nje. Anakusubiri uje aone.

Kwa hiyo njoo kesho. Funga kitambaa chako cha kawaida, vaa lile gauni la maua. Njoo na uji kwenye chupa, njoo na kandambili zake. Usije na watu. Usije unalia. Ingia, msalimie Masatu, uliza mtoto amelala wapi. Ni hivyo tu, na Rebeka ni wako. Nimekuharibia mara moja kwa kuongea sana na sasa naogopa naharibu tena, lakini sijui kuandika kwa ufupi jambo ninalotaka uliamini.

Kuhusu swali lako. Sijui kwa nini sikusema anaumwa. Nilikuwa mtoto mbele ya baba yangu, ndugu yangu amekufa, nikamkimbilia baba.

Felisian

*Mama njoo na kandambili zangu nyekundu. Babu Masatu ana pipi. Mimi Rebeka*

---

Nyakato
Jumatano, 5 Juni 2024

Shemeji,

Barua nimeipata asubuhi hii sokoni. Yunis alinipa, nikasomea pale pale juu ya magunia ya dagaa, kisha nikampa asome yeye, akalia, na wenzake wakalia.

Nashukuru umenitunza. Umeandika vizuri. Chapati, nesi, kukoroma, pipi, hukuacha kitu. Mtu aliye hai haandikwi hai mara zote hizo, Felisian. Mwandiko ni wa Rebeka, naujua, ile k yake inalala. Ni wa jana. Nyota pia tunaiona, na wewe mwenyewe uliwahi kumwambia Balta hapa kwangu kwamba nyingine zilishazimika.

Nimesoma ya Masatu. Sina ugomvi naye tena. Akitaka kunitazama anitazame.

Yunis anarudi Bunda sasa hivi kwa gari la saa sita, nimempa hii akuachie hapo Kiabakari, andaeni mahali pa kukaa watu. Wanawake wa jumuiya wameshajaa hapa uwanjani, wameanza kuimba, na mwenyekiti amekwenda kutafuta lori. Tutafika jioni.

Kandambili ninazo, nimezifunga kwenye kanga nyeusi. Nywele nimeshanyoa.

Euphrasia, mama Rebeka